Masharti Yako, Dada, Yametupatia Tenda

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Kaa kwanza, maana habari hii haifai kusomwa umesimama.

Unakumbuka tulivyoanza kupikia shughuli za majirani hapa Mtoni? Mteja akija kuagiza pilau, mie nauliza wageni ni wangapi, wewe unaanza na yako: sahani ziwe za kuosha, anayetaka kufungiwa chakula aje na bakuli lake, na maganda yote yaende kwa mfuga kuku kule Pugu.

"Jamani, nyie mnapika au mnaagua?" aliuliza mama mmoja wa Vingunguti.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku ya harusi ya mwanawe wageni walikuja na mabakuli kweli, na mmoja alikuja na ndoo! Kesho yake ua ulikuwa msafi, nawe ukapita ukitamba utadhani bibi harusi ni wewe.

Kisha wateja wakaanza kuwakimbilia wapishi wenye maboksi ya plastiki. Mama alipougua ukaenda Lindi kumuuguza. Akapona, hukurudi. "Mie nakuharibia biashara, mdogo wangu," ukasema kwenye simu. Iliniuma sana. Masharti yako sikuyaacha, hata wiki nilizopikia watu wawili watatu.

Sasa sikia. Kuna kampuni inajenga maghala hapa Temeke, ikatangaza tenda ya kulisha mafundi wake. Sharti la kwanza: kila mwombaji aeleze takataka zake zitakwenda wapi. Siku ya kuhojiwa ofisini kwao, waombaji wenzangu wakaangaliana. Mie nikasimama, nikamwaga yote bila kumeza mate.

"Haya mmeyaanza lini?" bosi wa kampuni akauliza.

"Toka siku ya kwanza. Dada yangu alikuwa anafukuzaga wateja kwa ajili ya haya."

Akacheka mpaka akavua miwani.

Tumepata, Dada! Nilipiga vigelegele peke yangu kando ya Barabara ya Kilwa, watu wakageuka. Naona fahari juu yako, na nimekukumbuka mno.

Ila wanataka msimamizi wa usafi na mazingira, naye awepo siku ya kwanza, la sivyo tenda inakwenda kwa mwingine. Nimeandika jina lako. Ruhusa sikuomba. Mama anajua, na anasema ukisitasita atakufungia mizigo mwenyewe.

Tunaanza Jumatatu. Njoo.

Ni mie mdogo wako, nimeshakununulia aproni.