Nilitikisa Kichwa Makusudi

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa maana nimefanya jambo la aibu. Mimi ni fundi cherehani, naishi na mama na kaka yangu mwenye skizofrenia, ule ugonjwa wa akili, na tangu augue nyumba nzima inamzunguka yeye, akimeza dawa anasifiwa, akioga anasifiwa, mimi nashona mpaka mgongo unakufa ganzi na hakuna anayeniuliza kama nimekula, wivu umenijaa hadi shingoni, nakiri. Hospitali ikatuita kwenye utafiti, daktari akaeleza kwamba ubongo hata ukipumzika sehemu zake huendelea kuwasiliana, na kwa wenye ugonjwa huu mawasiliano hayo mara nyingi huwa tofauti, ndiyo maana anawapiga picha za ubongo mgonjwa na ndugu yake mzima awalinganishe, kazi yetu ni kulala ndani ya mashine bila kutikisika. Kaka alifanya mazoezi ya kutulia wiki nzima juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, mama kando na saa akimsifu, basi zamu yangu ilipofika nikatikisa kichwa makusudi. Daktari akanipigia simu kwamba picha yangu imeharibika, turudi wote wawili Ijumaa, maana picha za ndugu lazima zipigwe siku moja, la sivyo tutatolewa, nami nyumbani nikasema tu picha moja imeharibika. Kaka akaamini ni yake. Akaniambia, "Mdogo wangu, hata kupumzika kumenishinda." Nikaendelea kushona, na sasa hataki kurudi hospitali.

Fundi Mwenye Wivu

Fundi, pole. Kuchoka bila kuulizwa hali kunauma, na mama yako amekusahau, hilo silipingi. Lakini kaka hakukuibia mama, na ugonjwa ule hakuuomba. Alijitahidi kutulia, akaweza, nawe ukampokonya hata hicho. Hapo umevuka mpaka, usinitolee habari za mgongo.

Leo, kabla hujagusa cherehani, mwambie mbele ya mama: "Picha yako ilitoka vizuri. Iliyoharibika ni yangu, na niliiharibu mimi." Usiongeze "lakini". Akikasirika, mwache akasirike. Kisha mpigie daktari umweleze ukweli.

Kaka akikubali kwenda, mwombe akufundishe kutulia, maana hapo amekuzidi. Panda juu ya meza yako mwenyewe, ulale. Na mwombe mama achukue saa akae kando, safari hii akutazame wewe.