Sindano ya Mkwe

Jumapili, 8 Agosti 2021

Misa ya kwanza. Mabenchi yametenganishwa. Barakoa tunazo wachache, na wengine wameziweka kidevuni kama ndevu. Kwenye matangazo Padre kasema chanjo ya korona imefika mkoani, na zahanati yetu hapa Ngulyati itapata. Watangulie wazee na wenye sukari na presha. Moyo umeruka — mimi mwenyewe ni mtu wa sukari! Nimetazama nafasi ya Elizabeth pale kwenye kwaya. Tulimzika Julai. Kifua tu, hata wiki hakumaliza. Dawa za sukari tulikuwa tunafuata pamoja, mimi na yeye.

Nyumbani mume wangu Masele kasema mimi niende nikitaka, yeye hachomwi kitu cha haraka haraka. Wenzake kwenye mzani wa pamba wamemwambia ukichanjwa, nguvu za kiume kwisha. Nikamwambia, baba Vero, kwa umri huo unaogopa kupoteza nini? Kacheka mpaka kakohoa. Kikohozi chenyewe nimekisikiliza. Siku hizi nasikiliza kila kikohozi.

Bwana, unitunze nimpakate mjukuu.

Jumatano, 11 Agosti

Nimekwenda zahanati. Bado. Nesi Sayi kasema boksi la baridi linakuja Jumatatu na yeye ndiye atakayechoma. Nimefurahi. Sayi ndiye ananipima sukari kila mara, mkono wake mwepesi.

Jioni Veronica kapiga kutoka Bariadi mjini. Miguu inavimba, tumbo limeshuka. Mwezi ujao anakuja kujifungulia kwangu, uzazi wa kwanza. Mumewe anamkazania kila siku: mama achanjwe kwanza kabla hujaenda. Mkwe ni tabibu, anajua anachosema.

Jumapili, 15 Agosti

Kupalizwa Mama Maria. Tumeimba vizuri ijapokuwa wachache. Sauti yangu imekwama ndani ya barakoa lakini Mama Maria kaisikia. Kesho!

Jumatatu, 16 Agosti

Mungu wangu.

Nimeoga asubuhi, nimevaa gauni la mikono mipana ili mkono upande bila shida. Nimefika, nimechungulia chumba cha chanjo. Aliyekaa mezani ni mkwe wangu! Nesi Sayi kapelekwa Lamadi kuchanja wavuvi, na huku wamemleta yeye. Kaniona. Kageukia ukuta palepale, kama mtoto aliyeadhibiwa. Mimi kanga usoni, nyuma geuka! Nimempiga kikumbo mama mmoja na ndoo yake.

Tangu amwoe Veronica sijamtazama usoni, wala yeye mimi. Mkono hatujapeana. Tukikutana njiani mmoja anaingia kwenye pamba mpaka mwenzake apite. Salamu anaitoa kwa mbali, kanipa mgongo, na likiwepo la kusema linapita kwa Veronica. Ndiyo heshima yetu, nami naipenda, inanifanya nijione mtu. Leo nimvulie bega? Anishike kwa vidole vyake?

Nimepita dukani kwa Mwanaasha, nimemweleza. Kacheka huku anakunja vitenge. Kasema mkwe wake yeye anamtuma hadi mkaa! Nikamwambia, wewe si Msukuma, huwezi kuelewa. Akasema: kweli shoga, sielewi. Ila kuzika najua.

Nimechukua kikapu changu, nimerudi nyumbani.

Jumanne, 17 Agosti

Masele kasema nimefanya la maana. Akushike bega? Wazee wangetutoza mbuzi, halafu wangemla huku wanatucheka.

Sukari imepanda. Sijalala vizuri.

Jumatano, 18 Agosti

Nimepanda bodaboda mpaka Bariadi mjini, nikachomwe na mtu nisiyemjua. Foleni ya watumishi na barua zao. Nimesimama mpaka miguu imekufa ganzi. Dada wa pale kasema za leo zimekwisha, mama unatoka wapi? Ngulyati. Akashangaa: mbona kwenu zimejaa na watu hawaji!

Nimesema ahsante.

Alhamisi, 19 Agosti

Veronica kapiga, analia. Kesho jioni boksi linaondoka kwetu, linapelekwa kata nyingine kwa sababu watu ni wachache. Haijulikani litarudi lini. Mumewe naye hali chakula vizuri tangu Jumatatu. Kaomba aletwe mtu mwingine kwa siku moja tu, kaambiwa hakuna mtu. Sasa amewaza jambo: shuka. Atalitundika mlangoni, kalitoboa tundu. Mama atakaa nje, atapitisha mkono tu. Hataonekana.

Nikauliza, na huo mkono utashikwa na nani?

Kapenga kamasi. Halafu kasema: mama, nikija nikakuta umekufa, mimi nitajifungulia kwa nani?

Nimesali rozari yote. Kuhusu shuka Mama Maria hajaniambia lolote.

Masele alikuwa kajilaza, nikajua kalala. Kumbe kasikia simu yote. Kasema huku kaugeukia ukuta: nenda. Mbuzi si tunao.

Ijumaa, 20 Agosti

Naandikia hapa hapa kwenye benchi la zahanati, ili macho yangu yapate kazi. Daftari nilikuwa nalo kwenye kikapu.

Nimekuta wanakaribia kunitafuta nyumbani. Chupa moja ni ya watu watano. Ikishafunguliwa lazima iishe siku hiyohiyo, kwa hiyo mkwe alikuwa haifungui. Walikuwepo wanne tangu asubuhi: walimu wawili, jirani yetu Mzee Constantine, na Mwanaasha kafunga duka. Mzee Constantine akanisalimu kwa sauti: mwangaluka Mama Vero! Tunakungoja wewe kama abiria wa mwisho, gari lijae! Mwanaasha akanisogezea nafasi, akaninong'oneza kwamba anaogopa sindano kuliko mimi ninavyomwogopa mkwe.

Shuka lipo kweli. La bluu, la wodini, limefungwa kwa kamba juu ya mlango. Tundu limepindwa na kushonwa vizuri kabisa — huo ni ushonaji wa Veronica. Mkwe yuko ndani, sisi nje.

Wenzangu waliingia mmoja mmoja, wakatoka wanashika bega. Mzee Constantine kasema siafu anauma zaidi. Imebaki yangu tu kwenye chupa.

Maswali kwanza. Mwanaasha kajifanya mjumbe, kakaa kwenye kona ya shuka. Kutoka ndani: mwambie mama aseme kama kuna dawa inayomdhuru. Nikasema, mwambie hakuna. Mwambie mama aseme kama ana ugonjwa wa muda mrefu. Mwambie sukari, anajua. Karatasi ikageuzwa. Kakohoa. Mwambie mama, hii ni fomu ndiyo inauliza, siyo mimi — kama ana mimba.

Benchi zima limeanguka kwa kicheko! Mzee Constantine: muulize na kama ananyonyesha! Mwanaasha machozi yanamtoka. Mimi nimejifunika kanga kichwa kizima, nacheka na kuona aibu humohumo. Na ndani, nimesikia, naye kacheka kidogo, akajizuia.

Sasa nimepitisha mkono wa kushoto kwenye tundu. Huu wa kulia ndio unaoandika, daftari liko gotini, herufi zinapanda na kushuka. Upande ule kuna ubaridi. Pamba ya spiriti begani. Halafu hakuna kitu.

Kivuli chake nakiona kwenye shuka. Kimesimama tu.

Mzee Constantine kauliza, vipi, kasinzia? Hakuna aliyecheka. Mwanaasha kafungua mdomo apeleke ujumbe, nimemshika goti kwa huu mkono wa kalamu. Nimesema mwenyewe, bila kupitia kwa mtu: choma tu, mwanangu.



Kajibu: ndiyo, mayu. Kaniita mama, kwa Kisukuma chetu.

Bado hajachoma. Vidole vyake vimenishika juu ya kiwiko, na mkono wangu siuondoi —