Mluzi Nisiousikia

Jumamosi, 8 Machi

Mashine ya kuhamishia tepu kwenye kompyuta imefika! Nimeifungua taratibu juu ya meza ya chumba changu, waya baada ya waya, kama mtu anayemvua mtoto nguo za safari. Biti ishirini na nne. Kilohezi mia na tisini na mbili. Kitabu chake kinasema inanasa hata sauti za juu ambazo ni popo tu wanaozisikia. Binti yangu akauliza popo wanaalikwa lini. Hana adabu, ila nilicheka.

Sasa ile kazi. Tepu tatu za mke wangu. Nilimrekodi mwenyewe kwenye studio ya redio, mimi fundi mitambo, yeye mwimbaji, hatujaoana bado. Nyimbo kumi na nne. Nakala nyingine hakuna. Redio walipohama jengo, maktaba yote ilienda jalalani, hizi nilizitoa ndani ya koti.

Miaka kumi na moja iliyopita walimpasua shingo kutoa uvimbe. Uvimbe ulitoka, na sauti ikatoka nao. Tangu siku hiyo ananong'ona tu. Kwa hiyo sauti ya mke wangu iko kwenye boksi la viatu, juu ya kabati.

Anasema hataki kuzisikiliza. Lakini boksi kalileta mwenyewe, na alikuwa ameshalifuta vumbi.

Jumapili, 9 Machi

Tepu zimeoza gundi, nilijua tu. Dawa yake ni kuzioka, muda wa saa nane kwa joto dogo, kwenye kile kikaushio cha matunda. Zikitoka hapo zinakupa mzunguko mmoja safi. Mmoja! Ukirudia, ganda la kahawia linapukutika, na sauti yote imo kwenye hilo ganda.

Mke wangu alisimama mlangoni akasema kitu. Nilimwambia arudie mara mbili ndipo nikakipata: miaka yote hii sijawahi kumwokea hata mkate.

Jumanne, 11 Machi

Tepu ya kwanza. Nilivaa hedifoni, nikabonyeza. Halafu akaingia kwenye hedifoni, msichana wa miaka ishirini na mitatu, anacheka kabla ya kuanza wimbo wa kwanza. Nilikuwa nimesahau kwamba alicheka.

Kioo cha kompyuta kilikuwa kinachora mistari yake, nikakifunika na gazeti. Miaka thelathini nimewafundisha mafundi wadogo: rekodi kwa masikio, si kwa macho.

Katikati ya kazi mke wangu akaja nyuma yangu. Akasema kitu. Nikampungia mkono, baadaye. Akasema tena. Nikamwonyesha hedifoni. Akaondoka.

Jioni nikamwambia, ukitaka kuongea na mtu fungua mdomo, usiongee kama uliyeficha kitu shavuni. Hakujibu. Au alijibu.

Jumatano, 12 Machi

Tepu ya pili. Safi kama maji ya mtungi. Hizo mbili ganda limeshapukutika, sakafu chini ya mashine imejaa vumbi la kahawia. Basi. Kazi yake imekwisha.

Mke wangu alikuja tena mlangoni, nikamkatisha kabla hajafika. Binti naye analalamika, eti akipita nje ya chumba changu kichwa kinamuuma. Nikamwambia masikio yake ameyaua mwenyewe kwa vile vidude vya simu. Kizazi kinachosikiliza muziki uliokamuliwa mpaka ukabaki makapi, halafu kinaumwa kichwa kikipata kitu halisi.

Jumamosi, 15 Machi

Sijui niandike vipi.

Alikuja Kibriti, mwenzangu wa redio, tuliyempa jina hilo kwa hasira zake. Nilimkalisha katikati ya spika mbili, mahali pangu. Nikaweka faili la tepu ya kwanza. Kibriti akafumba macho. Akasema unasikia hewa ya chumba? Nikasema nasikia. Akasema unasikia jinsi herufi zinavyong'aa? Nikasema hii ndiyo tofauti ya faili kubwa, ndugu yangu, huwezi kuipata kwenye simu. Tukatikisa vichwa. Wazee wawili, tunapeana digrii.

Binti akaingia na sinia la chai, uso umekunjamana. Akauliza, "Baba, nani anapiga mluzi?"

Nikamwambia hakuna mluzi. Akaweka sinia chini, akaenda spika ya kushoto, akaenda ya kulia, akarudi. "Upo humo ndani ya muziki. Mwembamba, kama mbu. Nyie hamuusikii kweli?"

Nilimtazama Kibriti. Kibriti alitazama chai.

Nikaondoa gazeti kwenye kioo. Mstari! Mwembamba, umenyooka juu ya kila wimbo, kilohezi tisa, ukipanda kidogo na kushuka kidogo, tangu mwanzo wa tepu ya kwanza hadi mwisho wa ya pili. Ni adapta ya umeme ya ile mashine mpya, inalia chumbani na kuupenyeza mlio wake kwenye rekodi. Adapta ya kijinga, ndogo kuliko kiganja. Mtoto wa shule angeuona mstari ule. Lakini mimi narekodi kwa masikio.

Kibriti aliaga bila kumaliza chai. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Nikamwuliza kwa nini hukuniambia. Binti ndiye aliyenirudishia jibu lake, polepole, kama mkalimani: "Anasema alikuambia. Mara mbili Jumanne. Jumatano ulimfukuza."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nimeutumia msemo huo kwa watu wengi sana.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepimwa masikio. Kibanda kidogo, kitufe mkononi, mpimaji upande wa pili wa kioo, mdogo kuliko binti yangu. Ukisikia mlio, bonyeza. Kulikuwa na kimya kirefu mno. Nikaanza kubonyeza kwa kubahatisha, kama mwanafunzi anayekopia. Alinishika. Akasema, bila ubaya, "Mzee, usinisaidie."

Akanionyesha karatasi. Mstari unakwenda vizuri, halafu unaporomoka. Juu ya kilohezi tano sina kitu. Umri, akasema, na hedifoni za miaka thelathini. Popo wanaalikwa lini, kweli! Nimenunua mashine ya kunasa yaliyo mbinguni na mimi nimeishia dirishani.

Nikamwambia tatizo langu kubwa ni mke wangu, tangu operesheni hatamki vizuri. Akauliza anaongeaje. Nikasema ananong'ona. Akaweka kalamu pale mstari unapoporomoka. Mnong'ono hauna sauti nzito ya kuubeba, akasema. Karibu wote uko huku.

Huku. Kwangu hakuna huku.

Kwa hiyo miaka yote hii mke wangu alikuwa anatamka vizuri. Mimi nilimgombeza mezani, mbele ya wageni, mbele ya mtoto. Nilimkatisha kwa mkono kama mtu anayefukuza nzi. Nimeona haya mpaka nikashindwa kuinuka kwenye kile kiti.

Jumanne, 18 Machi

Nimejaribu kuusafisha. Binti kakaa kiti changu, mimi nazungusha vifundo, namwuliza vipi hapa, vipi hapa. Mluzi hautulii mahali pamoja. Ukiukata, unakata na pumzi ya mama yake. Mwishoni akasema, "Baba, sasa ni kama anaimba amejifunika blanketi." Nikarudisha kila kitu kilivyokuwa. Mimi kwangu zote mbili zilikuwa sawa.

Alhamisi, 20 Machi

Imebaki tepu ya tatu. Nimeshaioka, haiwezi kungoja sana.

Nilimfuata mke wangu jikoni nikamwomba awe masikio yangu. Akasema kitu. Nikasema, sijasikia. Miaka kumi na moja nimekuwa nikimwambia, hujasema. Tofauti ni neno moja tu, lakini aliacha alichokuwa anakata.

Akachukua karatasi yangu ya hospitali, akaigeuza, akaandika: Binti yupo. Kwa nini mimi?

Nikasema kwa sababu wewe unajua ni nini kinatakiwa kusikika. Akaniangalia sana. Halafu akaandika: Nilikuwa nadhani unazitaka kwa sababu umenichoka hivi nilivyo sasa.

Nilisema hapana. Nilisema kwa sauti kubwa mno, kama viziwi wasemavyo.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika huku tepu inazunguka. Mkono mmoja kwenye daftari, mmoja kwenye kitufe.

Nimebadilisha adapta. Kioo kiko wazi, hakuna mstari, lakini siamini tena hata kioo. Kwa hiyo yeye kakaa kitini, hedifoni kichwani. Tumekubaliana: akisikia mluzi au lolote, ainue mkono, nasimamisha pale pale, tuokoe kitakachobaki. Mzunguko ni mmoja tu.

Wimbo wa kwanza umepita. Mikono yake iko mapajani.

Wa pili. Anatazama ukuta. Hajawahi kuisikia sauti hii tangu apasuliwe.

Wa tatu, ule anaouanza peke yake bila ala. Kwangu unakuja kama kutoka nyumba ya jirani. Amefumba macho, midomo yake inacheza. Anaimba! Nadhani anaimba. Vumbi la kahawia linaanguka kwenye kidole changu.

Mkono wake wa kulia umeinuka. Umefika kooni, umetulia juu ya kovu. Hiyo hatukukubaliana. Nikizima bure, nimemkata katikati ya wimbo. Nisipozima, na mluzi upo, ndiyo basi.

Nimemgusa goti. Nimemwuliza, nizime?

Amefumbua macho, amenijibu. Neno refu, au maneno mawili. Nimeiona midomo ikitamka, vizuri kabisa. Sijasikia, na tepu bado inazunguka.