Boti ya Mkono wa Kushoto

Pinchback, Alabama
9 Januari

Shangazi Odessa,

Shikamoo. Vipi hali, na hiyo baridi ya Ohio bado inakuuma masikio? Mkono je, umeanza kusikia maagizo au bado unajifanya mgeni? Msalimie Dada Renita anayekuuguza, mwambie asikupunguzie chumvi kwenye mboga mpaka ukakonda ukafanana na mimi. Mimi huku sijambo. Nakula, nalala, nazidi kupendeza. Hilo la mwisho usiulize watu, niamini tu.

Barua yako niliipata Jumatatu. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama, mara ya pili ikabidi nikae. Unasema tangu upigwe na kiharusi mkono wa kulia umekuwa mzigo, ziwani hutarudi tena, basi Shemasi Beasley aje auziwe boti. Beasley, Shangazi? Mtu anayevua besi kama anachimba viazi? Samaki mwenyewe ana mdomo wa kuingia ngumi yangu, lakini akimwona Beasley anaufumba kwa aibu.

Najua boti ni yako na neno ni lako. Lakini nilikuja kwako nina miaka minane, baba ameshazikwa, nguo zangu zote zimeenea kwenye mfuko mmoja wa dukani. Siku ya pili tu ukanipandisha kwenye boti hiyo ukanipa ufito wa kuvulia. Shule ilinishinda darasa la kumi, ziwa halikunishinda. Chochote kizuri ninachokijua nilikijulia kwenye kiti cha nyuma cha boti hiyo, nikikutazama mgongo.

Nipe mpaka Pasaka. Nitaipanga upya, fito, mshipi, kiti, kila kitu, mpaka uvue kwa mkono mmoja. Kwa kuchagua vifaa vya besi unajua mwenyewe, wilaya nzima hakuna kijana wa kunifikia. Wazee wapo, ila wengi wamebaki na hadithi.

Mwanao,
Jarvis


Toledo, Ohio
20 Januari

Jarvis mwanangu,

Marahaba. Mimi nipo, namshukuru Mungu. Baridi ipo pia, imekataa kuondoka. Renita anakusalimu na anasema chumvi haongezi.

Mwandiko wangu usiucheke. Ni wa mkono wa kushoto, umri wake miezi minne. Na simu usinipigie. Nimewapelekea watu barua nyumba kwa nyumba miaka thelathini na moja, leo ulimi wangu unajikwaa, na sipendi mtu anisikilize nikijikwaa. Andika.

Haya, nimekupa mpaka Pasaka. Renita atanileta. Tutakwenda ziwani mimi na wewe tu. Nikirusha chambo mwenyewe, nikamnasa besi mwenyewe, nikamtoa majini kwa mkono wangu bila wewe kunigusa, boti inabaki. Nikishindwa inakwenda kwa Beasley, na wewe ndiye utakayemfungia trela kwenye gari lake, kwa adabu, bila kununa.

Sitaki kuonewa huruma. Huruma ninayopewa hapa inatosha kugawia mtaa mzima. Kila kitu unachoweka kwenye boti, niandikie.

Shangazi yako,
Odessa


Pinchback
2 Februari

Shangazi wangu wa kushoto,

Shikamoo tena na tena. Natumaini unakohoa kidogo na kucheka sana. Huku mvua tu, na mimi ni yuleyule, hodari.

Kaa vizuri usikilize. Nimeuza spika za gari langu, zile ulizosema zitamfufua marehemu, na nimefanya manunuzi ambayo dukani watu walisimama kunitazama.

Ufito: mrefu futi saba na nusu, mgumu, mweusi, una mchoro wa moto kwenye mpini. Rili ya kukunjia mshipi: ya kasi, ukizungusha mara moja mshipi unakuja kama umetukanwa. Vyambo: samaki wa plastiki wanaong'aa, kila mmoja ana ndoana mbili za meno matatu matatu, besi akigusa tu amekwisha. Kiti: nimekiinua juu ya nguzo mbele kabisa, ukikaa unaona ziwa lote kama hakimu. Mota ndogo ya umeme ya mbele nayo nimeifungia pedali ya mguu, mguu wa kulia, ili mkono upumzike. Halafu kuna kioo cha kuonyesha samaki chini ya maji. Kikubwa, Shangazi. Unaweza kuangalia mpira.

Beasley kapita kaona, kazunguka boti mara mbili. Mtu akizunguka hivyo ujue ameumia.

Mwanao hodari,
Jarvis


Toledo
11 Februari

Jarvis,

Marahaba. Sisi wazima.

Niambie, hivyo vitu umemnunulia nani? Mimi simjui mtu huyo. Ana mikono miwili, ana miaka ishirini, na anapenda kutazamwa.

Kiti cha juu ya nguzo: boti ikiyumba, mtu wa mkono mmoja anashika nini? Ndoana za meno matatu: moja ikinichoma kidole, itatolewa na mkono upi? Futi saba na nusu: nirushe kwa bega lipi? Rili ya kasi, mkono wa kuzungushia uko kulia. Na pedali umeiweka mguu wa kulia. Hukuniuliza mguu. Ulisikia mkono tu ukafunga masikio. Kiharusi, mwanangu, hakikuishia kwenye bega.

Sijakasirika. Nimechoka kidogo. Chukua mkanda, ufunge mkono wako wa kulia mwilini, halafu nenda kavue. Usiniandikie mpaka umefanya hivyo.

Shangazi yako,
Odessa


Pinchback
19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nauliza hali yako kwa kweli leo, siyo kwa desturi. Mguu unauma? Unapandaje ngazi za nyumba ya Renita? Nilipaswa kuuliza hayo Oktoba, ulipougua.

Umekaa wiki tano bila barua yangu. Wiki ya kwanza nilinuna. Ya pili nikasema, ngoja nimwonyeshe huyu mama. Nikafunga mkono wa kulia kwa mkanda, nikaenda kushusha boti Jumamosi asubuhi, siku ambayo nusu ya kanisa iko pale na karanga zao za kuchemsha. Kabla ya kurudisha trela kinyumenyume majini kuna kizibo cha nyuma cha kukaza, cha tundu la kutolea maji, unajua, wewe ndiye uliyenifundisha nikikaze kabla ya kitu kingine chochote. Kwa mkono mmoja kikanitoka mara tatu. Watu wanatazama. Nikajiambia nitakikaza nikiwa majini.

Sikukikaza. Nilikuwa nahangaika kuwasha injini kwa mkono mmoja nikaona maji yamefika kwenye soksi. Boti ya Odessa Tolliver ilizama hatua ishirini kutoka ufukweni, Shangazi, mbele ya mashemasi wanne. Kile kioo kilionyesha samaki kwa mara ya mwisho kikazimika. Mimi nimesimama maji kifuani, mkono bado umefungwa, maana nilisahau kuufungua.

Aliyekuja na mnyororo na gari ni Beasley. Aliivuta taratibu isije ikapasuka. Nikamwambia, "Shemasi, ungeiacha tu, si unaitaka?"

Akasema, "Naitaka, kijana. Ila siitaki ikiwa imelowa machozi. Na wewe fungua huo mkono, unatisha watoto."

Akanikopesha karakana yake wiki mbili tukaikausha injini pamoja. Nimesema vibaya juu yake, nimeyarudisha. Kuhusu viazi sijarudisha.

Tangu siku hiyo navua kila siku, kwanza ufukweni, sasa botini, mkono umefungwa. Jamani, Shangazi. Kufunga fundo kwa meno. Kubana ufito kwapani ili uzungushe, samaki anavuta, ufito unachomoka. Siku ya kwanza mshipi ulijisokota kwenye rili ukawa kiota cha ndege, nikakaa nao saa nzima, nikajikuta nasema maneno ambayo hukunifundisha wewe. Halafu nikakukumbuka huko Toledo na kalamu yako, miezi minne, bila kumwambia mtu. Nikarudi kufungua kiota.

Sasa sikiliza kilichopo, ukiona kosa sema.

Ufito ni futi sita, mwepesi. Rili ina mkono wa kushoto: unarusha kwa kushoto, unachomeka kitako cha ufito kwenye bomba tumboni, unazungusha kwa mkono uleule. Bomba nimelikata mwenyewe, nimelifunga kwenye mkanda mpana kama ule wanaovaa wabeba mizigo wa ghalani. Kwa ajili ya magugu nimeweka mshipi wa kusukwa, haukatiki. Chambo ni mnyoo wa plastiki, ndoana moja tu, ncha imejificha mwilini mwake, haikuchomi wewe wala hainasi majani, chubwi dogo mbele. Mwisho wa mshipi kuna kibanio, unabadilisha chambo bila fundo. Kiti kiko chini, kina mikono na mgongo. Pedali iko kushoto. Jaketi la kuelea lina kifungo kimoja, unakibana kwa kidole gumba. Kizibo cha nyuma nimebadilisha, sasa kina mshiko wa kukunja, kinakazwa na mkono mmoja. Nimekijaribu mara arobaini.

Asante kwa ile barua. Ilinichoma, lakini asante.

Mwanao,
Jarvis


Toledo
27 Machi

Jarvis mwanangu,

Marahaba, na asante kwa kuuliza mguu. Ngazi napanda moja moja kama bibi harusi. Hakuna mwingine aliyeuliza. Wote hutazama mkono kwa sababu ndio unaoning'inia.

Nimecheka habari ya boti mpaka Renita akaja kuona kama nimepatwa tena. Nikamsomea. Naye akacheka akakaa chini. Nyumba hii haikuwa imecheka tangu Oktoba, kwa hiyo usijilaumu sana, ulizama kwa faida.

Vifaa sioni kosa. Kwangu mimi, unajua, hiyo ni sifa kubwa.

Tunafika Alhamisi kabla ya Pasaka. Wavu usilete. Besi hushikwa mdomo, kwa kidole gumba, ndivyo nilivyowashika wote.

Shangazi yako,
Odessa


Pinchback
24 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini safari ya kurudi haikukuchosha mgongo, na Renita hakuendesha kama anafukuzwa. Hapa nyumba imekuwa kubwa ghafla. Bado nakunywa ile chai yako ya sukari uliyoacha kwenye friji, naipunguza kidogo kidogo.

Uliondoka bila kusema neno juu ya boti, na mimi sikuuliza. Nilijua sheria. Ngoja niiandike mwenyewe, usije ukadhani nataka kuipinda.

Tulikaa ziwani saa tatu nzima bila kitu. Ulirusha mara mia na kitu, za mwanzo zikaanguka karibu na viatu vyetu, za mwisho zikaanguka ulipotaka. Halafu pale kwenye kisiki mshipi ukatembea pembeni, nawe ukauona kabla yangu. Ukanasa. Ufito ukaingia kwenye bomba, ukaanza kuzungusha, akazama kwenye magugu, ukamsubiri, ukamtoa. Mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu yote miwili, Shangazi. Nimeikalia kwelikweli, mpaka ikafa ganzi. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Akafika ubavuni mwa boti. Mdomo kama ndoo. Ukauacha ufito usimame kwenye bomba, ukainama, kidole gumba kikagusa mdomo wake. Akatikisa kichwa mara moja. Akaenda.

Ukapangusa kidole gumba kwenye nguo. Ukasema, "Haya, twende tukale." Basi.

Sasa la kukiri. Ndoana nimeichunguza: imenyooka kama sindano. Niliichagua nyembamba kwa makusudi, kwa sababu nyembamba inachoma bila nguvu nyingi, na niliogopa mkono wako hautakuwa na nguvu ya kumnasa. Kwa mshipi mgumu vile nilipaswa kujua haitahimili. Kosa ni la mchaguzi, siyo la mvuvi.

Lakini samaki hakutoka majini, na makubaliano ni makubaliano. Boti nimeiosha, nimeipaka nta. Nimemwambia Beasley aje Jumamosi ya wiki ijayo, nitamfungia trela, kwa adabu, sitanuna. Nilichokuwa nakitaka nimeshakipata. Nilikuona mgongo tena, umekaa mbele yangu, unatafuta pa kurusha.

Asante kwa kila kitu, tangu ule mfuko wa dukani.

Mwanao,
Jarvis


Toledo
28 Aprili

Jarvis mwanangu,

Marahaba. Tumefika salama, Renita aliendesha kama anafukuzwa. Barua hii nimeilipia iende haraka ikufikie kabla ya Jumamosi.

Trela usiifunge. Beasley nimeshamwandikia, nimemshukuru kwa mnyororo wake na kwa karakana yake. Jibu lake limekuja kwa simu ya Renita, maneno matatu: "Nilijua. Mungu awabariki."

Makubaliano niliyaweka mimi na nimeyavunja mimi, usinifundishe sheria. Sikusema kitu siku ile kwa sababu ningefungua mdomo ningelia, na mbele yako sijazoea. Miezi hii yote watu wananihesabia nilichopoteza. Mkono, mguu, maneno. Halafu siku ile, pale kwenye kisiki, nikapoteza samaki. Samaki tu, Jarvis. Nimepoteza samaki maisha yangu yote nikiwa na mikono miwili, na hakuna aliyekuja kununua boti yangu. Usiku huo nililala nimemkasirikia yeye na siyo mwili wangu. Nilikuwa nimesahau raha ya hasira hiyo.

Nilikuona ulivyoikalia mikono. Sikugeuka, lakini niliona. Asante, mwanangu.

Ndoana zile nyembamba mpe Beasley. Wewe nunua nene. Mkono wangu una nguvu.

Shangazi yako,
Odessa