Seva Sita za Chuo

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Akheri hatujambo. Mguu wa babu yako umepona na ameanza kupalilia kahawa.

Umeuliza kwa nini mkubwa wako kazini anataka uandike maelekezo ya kuweka mfumo wa Linux kwa kila aina ya kazi, si kwa kila seva.

Soko huria lilipofunguka, kampuni yetu ndogo mjini Arusha ilipewa kazi ya kuweka Linux kwenye seva sita za chuo kimoja. Kama tusingemaliza kufikia Jumatatu, wangeitwa mafundi wa Nairobi. Nikaandika faili moja la maelekezo ya seva ya kwanza, ya barua pepe, pamoja na jina lake, nikalinakili kwa mashine zote. Zikawaka zote zikiwa na jina moja, kila moja ikijiona ndiyo seva ya barua pepe!

Mwenzangu Eliafura akacheka. "Dada, kwenye orodha ya kazi kamati ya harusi inaandika 'chakula' au 'Mama Joshua'? Mama Joshua akiugua, wageni wasile?"

Nikafuta yote, nikaanza upya na faili tatu: barua pepe, hifadhi ya nyaraka, lango la intaneti. Jina kila mashine ilipewa peke yake, mwishoni.

Jumatatu asubuhi seva ya barua pepe iliungua. Tukachukua mashine moja ya akiba ya chuo, tukaipa faili la barua pepe, ikajipanga yenyewe. Mkuu wa chuo alipofika, barua zilikuwa zinakwenda.

"Mmemleta fundi wa Nairobi?" akauliza.

"Wa nini, mkuu?" Eliafura akamjibu. "Karibu chai."

Kwa hiyo mama, andika kazi kwanza, jina la mashine mwishoni. Usikubali kuondoka mezani kabla hujayamaliza maelekezo hayo.

Nakukumbuka kila siku,
Bibi yako