Watoe Kwa Hiyo Picha

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimeacha kazi! Miaka yote hiyo kwa kampuni ya bima, na Osundwa, meneja wetu, amecheka tu. Ameniuliza nitapiga watu picha za pasipoti mpaka lini. Eti nitarudi kabla mvua haijaisha, na nikirudi nipitie mlango wa wafagiaji. Wenzangu wakainamia kompyuta zao.

Jumapili, 16 Machi

Mama amewaambia watu wa kanisa kwamba niko likizo. Likizo! Nimefungua studio nyuma ya soko, jina langu liko mlangoni kwa rangi nyekundu, na mamangu mzazi ananificha kama mimba ya shuleni. Anasema kamera si kazi, ni mchezo wa vijana. Nikainuka mezani. Ingokho, kuku wa Mama, imebaki kwa sahani. Nilikuwa na njaa, lakini potelea mbali.

Jumanne, 25 Machi

Osundwa kapiga simu. Babake amefariki, mazishi ni Jumamosi kwao Butere, anataka mimi nipige picha. Yeye kasahau aliyoniambia. Mimi la. Nimempa pole, nikakubali. Najichukia kidogo.

Jumapili, 30 Machi

Jana tumezika. Mvua, matope. Mke mdogo wa mzee, Maurine, aliwekwa nyuma ya hema na binti yake kama wapita njia. Lakini mchungaji alipoita watoto wa marehemu watupe udongo, yule msichana alikuja mwenyewe, viatu mkononi. Akateleza ukingoni. Osundwa akamshika mkono asitumbukie kaburini. Nikapiga.

Sijawahi kupiga picha nzuri kama hiyo.

Jumanne, 1 Aprili

"Watoe kwa hiyo picha." Hivyo tu kwa simu, bila salamu! Osundwa anataka Maurine na mtoto wafutwe kwa kila picha. Ijumaa wazee wanakaa na chifu juu ya shamba la mzee. Albamu itaenda huko, na familia itasema haiwajui. Nikamwambia si wewe ndiye ulimshika mkono? Akasema alidhani ni mtoto wa jirani. Jirani! Na lile paji la uso ni la nani?

Kisha sauti ikalainika. Nikifanya vizuri, kazi zote za picha za kampuni ni zangu. Mama naye anasema mkubwa akikufungulia mlango, ingia.

Nilimwambia Osundwa nitaona. Kwa nini sikukataa? Hasira yote hii, halafu nasema nitaona!

Jumatano, 2 Aprili

Maurine amefika asubuhi na mtoto. Hakutaja shamba. "Dada, mzee hakupendanga kamera. Huyu hana picha na babake hata moja. Hiyo ya udongo itatosha."

Nimewasha printa. Nakala mbili — moja ya mtoto, moja ya chifu. Bado ya kwanza haijatoka, gari la Osundwa likasimama nje. Nimefunga mlango kwa ufunguo. Naandika nimesimama kaunta, mwandiko unaruka.

Anagonga kioo. "Immaculate, fungua! Najua wako humo!" Maurine anataka kutoka kwa mlango wa nyuma. Nimemwambia akae. Huku ni kwangu.

Mtoto ameniuliza kama yule ni kaka yake.

Nimesema ndiyo — kwa sauti, Osundwa asikie huko nje.

Kugonga kumekoma. Lakini hajaondoka.