Ati Nimenakili kwa Twaha

Jumatano, Machi 1943. Joto la kukaanga, Mji wa Kale hauna hata upepo, na hasira zimenipanda.

Nimeitwa mwizi leo.

Mtihani wa Jumamosi ulikuwa wa kuchagua mtu wa kwenda kujifunza kuchora ramani bandarini Kilindini. Mtu mmoja tu. Hesabu ya mwisho ilikuwa hii: y = ¾x − 2. Uiandike upya, x na y zikae upande mmoja, nambari iliyo peke yake ikae upande wa pili, na pasibaki kisehemu. Unazidisha kila kitu kwa nne, yaani 4y = 3x − 8, kisha unahamisha: 3x − 4y = 8. Basi! Niliifanya kichwani, nikaandika jibu tu.

Kwa nini jibu tu? Kwa sababu tangu vita vianze karatasi haipatikani. Kwetu hesabu twafanyia kwenye kibao, twafuta, karatasi inapata jibu. Ukichafua ukurasa mzima kwa hesabu moja, mama atakusema wiki nzima.

Leo mwalimu kainyanyua karatasi yangu mbele ya darasa lote. "Njia iko wapi? Umenakili kwa Twaha, mliketi pamoja."

"Bwana mwalimu, nipe chaki niifanye hapa hapa."

Akakataa. Jina langu, lililokuwa la kwanza kwenye orodha, kalikata kwa wino mwekundu, la Twaha likapanda juu. Karatasi yangu akanitupia. Na wenzangu wakacheka! Wallahi, nilitamani kuupindua ule ubao.

Nilibamiza mlango nikitoka. Sijutii.

Mama yuwaniambia, "Subira yavuta heri, mwanangu." Subira gani? Mtu akiitwa mwizi akanyamaza, si ndiyo kakubali?

Alasiri nikaenda Bondeni, dukani kwa ami yake Twaha, tayari kugombana. Nikamuuliza aliandika nini hata ionekane nimemwibia. Akanitolea karatasi yake. Njia kaionyesha yote, mstari kwa mstari, na alama za njia kapewa. Lakini alipozidisha kwa nne, ile mbili ya mwisho kaisahau, kaiacha vile vile. Jibu lake ni 3x − 4y = 2. Limepigwa msalaba.

"Kwani wewe mwisho uliandika ngapi?" akaniuliza.

"Nane."

Akaitazama tena ile mbili yake. Nafasi ni yake sasa, na anajua, nami najua. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa tayari kumpokonya ile karatasi kwa nguvu.

Akaikunja, akanitilia mfukoni. "Nenda nayo, ndugu yangu. Sitaki kula haki ya mtu."

Nimerudi nyumbani, hasira hazijashuka. Kesho asubuhi nitaziweka karatasi zote mbili mezani kwa mwalimu, yangu na ya Twaha, kisha anionyeshe hiyo nane niliinakili wapi.